Kibaya Nacho Chajiuza

Kila mara mpimaji huru anapolipa gari maarufu alama mbaya, jibu huwa limekwisha andaliwa: soko ndilo hakimu. Ikiwa watu laki tatu wamelinunua gari hilo kwa mwaka mmoja, husemwa, basi watu laki tatu wamelipima kwa fedha zao wenyewe, na wahandisi wachache wenye vyombo vyao hawana cha kuwafundisha. Hoja hii haitoki kwa wauzaji peke yao. Utaisikia kwa madalali wa yadi za Mombasa na Dar es Salaam, utaikuta katika kurasa za biashara za magazeti ya Marekani, na kwetu inapata nguvu zaidi kwa sababu imeegemea methali tuliyolelewa nayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ushahidi unaopendwa kutajwa ni Honda Civic ya mwaka 2012, gari dogo lililoangushwa na wapimaji kisha likaongoza mauzo ya daraja lake. Nadai kwamba ushahidi huohuo, ukisomwa hadi mwisho, unaikana hoja hiyo. Mauzo hupima imani ambayo jina la gari lilijijengea zamani. Alama hupima gari lenyewe lilivyo leo. Kwa gari lisilobadilika, vipimo hivyo viwili huenda pamoja, na mtu anaweza kutumia kimoja badala ya kingine bila hasara kubwa. Gari linaposukwa upya huachana, na hapo anayetazama mauzo anakuwa anatazama gari ambalo halitengenezwi tena.

Tuanze na yaliyotokea. Civic ya kizazi cha tisa iliingia sokoni Marekani mwezi Aprili 2011 ikiitwa toleo la 2012. Kwa miaka mingi gari hili lilikuwa miongoni mwa vipenzi vya Consumer Reports, jarida lililoanzishwa mwaka 1936, lisilochukua matangazo ya biashara, ambalo hununua madukani kama mteja wa kawaida kila gari linalolipima, kisha kulipitisha katika majaribio zaidi ya 50 kwenye kituo chake cha Connecticut. Agosti 2011 jarida hilo likatoa matokeo: Civic LX mpya ilipata alama 61 kati ya 100, ilhali toleo lililotangulia lilikuwa na 78. Ikaondolewa kwenye orodha ya magari yanayopendekezwa. Malalamiko yalitajwa moja baada ya jingine: gari lilirukaruka kwenye mashimo, usukani ulipoteza wepesi wake, breki zilihitaji umbali mrefu kulisimamisha, kelele za barabara ziliingia ndani, na plastiki za dashibodi zilionekana za bei rahisi. Palipostahili sifa, sifa zilitolewa: gari lilikuwa halili mafuta mengi, na kiti cha nyuma kilikuwa na nafasi. Katika kundi lilelile, Hyundai Elantra, nayo ikiwa imesukwa upya, ilipata alama 80 na kushika uongozi. Jambo hili la Elantra lina uzito, kwa kuwa linaondoa kisingizio kwamba wapimaji ni watu wa kale wanaochukia mabadiliko. Magari mawili ya daraja moja yalisukwa upya karibu wakati mmoja, yakapimwa mahali pamoja kwa vipimo vilevile, moja likapanda na jingine likashuka.

Honda iliyapinga matokeo hayo hadharani, na baadaye ikaonekana kana kwamba soko limeipa haki. Mwaka 2011 ziliuzwa Civic 221,235 nchini Marekani. Mwaka 2012 zikauzwa 317,909, nyingi kuliko Toyota Corolla. Hapa ndipo wapenzi wa soko hufunga faili la kesi. Lakini tarakimu hizo zina historia yake. Machi 2011 tetemeko la ardhi na tsunami vilikata mkondo wa vipuri kutoka Japani, mwezi mmoja tu kabla ya Civic mpya kuzinduliwa. Na mwezi Oktoba mwaka huohuo mafuriko ya Thailand yakakizamisha kiwanda cha Honda cha Ayutthaya pamoja na viwanda vingi vya vipuri vilivyolisha dunia. Waliotaka Civic mwaka 2011 walikuta yadi zina magari machache. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko la mwaka uliofuata ni watu waliokuwa wakisubiri gari lifike, wala si watu waliolionja wakaridhika. Tena, mnunuzi wa kawaida wa Civic alikuwa ametoka kwenye Civic nyingine iliyomtumikia miaka mingi bila kumsumbua. Aliporudi kununua, alikuwa anailipa fadhila ile ya zamani. Hakupima umbali wa breki wala kelele za matairi, na ni wachache wanaoendesha magari matano yanayoshindana kabla ya kutia saini. Hana kosa; mtu ana kazi zake na muda ni mfupi. Ila uaminifu wake tusiuite kipimo, maana kipimo ni lazima kiweze kutoa jibu tofauti pale kitu kinachopimwa kinapobadilika, na uaminifu sifa yake kubwa ni kutobadilika.

Aliyelijua hilo vizuri kuliko wote ni Honda yenyewe. Kampuni inayoamini kwa dhati kwamba soko limelisafisha gari lake haina sababu ya kuligusa. Kwa desturi ya watengenezaji wa Japani, gari husukwa upya kila baada ya miaka mitano hivi, na katikati ya kipindi hicho, yapata mwaka wa tatu, hufanyiwa marekebisho madogo ya sura. Civic haikusubiri zamu yake. Novemba 2012, miezi 19 tu baada ya gari kuzinduliwa, Honda ilipeleka kwenye maonyesho ya Los Angeles toleo la 2013 lililorekebishwa mahali palepale wapimaji walipogusa: springi na vyuma vya kuzuia gari kulala kwenye kona vilikazwa, usukani ukafanywa mwepesi wa kujibu, vioo vikaongezwa unene na vizuia kelele vikaongezwa chini ya sakafu, dashibodi ikavishwa vitu laini zaidi, na fremu ya mbele ikaimarishwa kwa ajili ya jaribio jipya la ajali. Jarida likaipima tena na kuirudisha kwenye orodha ya magari yanayopendekezwa. Zingatia mfuatano wa mambo. Fedha hizi zilitumika katika mwaka uleule ambao gari lilikuwa linaongoza mauzo. Mtu anaweza kusema kwamba si jarida moja lililolalamika, na ni kweli. Waandishi wengi wa magari walisema yaleyale. Hilo halibadilishi kitu. Aliyewarudisha wahandisi mezani alikuwa ni mpimaji, awe mmoja au wengi, na hesabu ya mauzo ingekuwa ndiyo hakimu, wahandisi hao wangekuwa likizo.

Civic si kioja cha peke yake. Mwaka mmoja kabla, Volkswagen ilikuwa imeisuka upya Jetta kwa ajili ya Wamarekani. Gari likawa kubwa zaidi, na bei ya kuanzia ikashushwa chini ya dola 16,000. Kilicholipia punguzo hilo kilikuwa chini ya bodi na ndani ya gari: kwenye matoleo ya kawaida mfumo wa nyuma ulioruhusu kila gurudumu kujitegemea uliondolewa na kuwekwa mhimili mmoja wa kuyaunganisha, breki za nyuma za matoleo ya bei ya chini zikawa za ngoma, na plastiki ngumu zikachukua nafasi ya zile laini zilizoifanya Jetta ya awali ionekane ya daraja la juu. Wapimaji waliliona hilo na kulisema. Soko likajibu kwa kununua: mauzo yalipanda kutoka takribani 123,000 mwaka 2010 hadi takribani 177,000 mwaka 2011. Je, wapimaji walikosea? Wanunuzi walikuwa wakijibu swali la bei, na jibu lao lilikuwa halali kabisa. Gari kubwa la Kijerumani kwa bei ya gari dogo la Kikorea ni jambo la maana kwa mwenye familia. Lakini swali la kama gari limekuwa bora halikuwahi kuulizwa na mauzo hayo. Liliulizwa na wapimaji, na jibu lake likaja kuthibitishwa na mtengenezaji mwenyewe: kwa toleo la 2014, Jetta zote zilizouzwa Marekani zilirudishiwa mfumo wa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea.

Kuna wanaosema kwamba wapimaji hawaaminiki kwa sababu hupingana wao kwa wao, au hata mpimaji mmoja hupingana na nafsi yake. Mfano wao ni Ford Focus ya 2012. Gari hili lilisifiwa sana lilipoendeshwa: lilishika kona vizuri, likatulia, likawa na ndani panapopendeza. Kisha Oktoba 2011 Consumer Reports haohao wakalinyima pendekezo lao. Yaliyotokea hayana kitendawili. Alama za jarida hilo zinasimama juu ya miguu miwili: majaribio ya barabarani, yanayofanywa na wahandisi, na taarifa za uimara, zinazokusanywa kila mwaka kutoka kwa wasomaji wanaomiliki magari na kueleza yaliyoharibika, kuanzia injini na giaboksi hadi umeme wa ndani. Focus mpya ilifaulu mguu wa kwanza na kufeli wa pili. Skrini yake iligandaganda, na gia yake otomatiki yenye klachi mbili kavu, iliyoitwa PowerShift, ilitetemeka na kusitasita gari likiondoka. Mwaka huohuo wa 2011, uchunguzi wa J.D. Power, unaowauliza wamiliki juu ya siku 90 za mwanzo, uliishusha Ford kutoka nafasi ya tano hadi ya 23, sababu kubwa ikiwa ni skrini hizo na gia. Vyombo viwili tofauti, kimoja kinachotazama siku za mwanzo na kingine kinachofuatilia matatizo mazito, vilionyesha mkono upande mmoja. Soko halikusikia: Focus zaidi ya laki mbili ziliuzwa Marekani mwaka 2012. Miaka ikapita. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia gia hizo, na Marekani suluhu ya kesi ya pamoja ya wamiliki wa Focus na Fiesta ikaidhinishwa mwaka 2020. Onyo lilikuwa limechapishwa wazi tangu Oktoba 2011. Mnunuzi wa mwaka 2012 aliyesoma alama aliweza kulikwepa gari hilo. Aliyesoma mauzo alijifunza kwenye foleni ya gereji.

Pingamizi lenye akili zaidi ni lile la ladha. Nani aliwaambia wapimaji, huulizwa, kwamba mama anayepeleka watoto shule anajali usukani unajibu kwa wepesi kiasi gani? Wapimaji ni wapenzi wa magari, na wapenzi wa magari huadhibu gari la kawaida kwa kutokuwa la mashindano. Kuna ukweli ndani ya pingamizi hili, na ndiyo maana mtu mwenye busara hasomi alama ya jumla peke yake. Hutazama ilivyojengwa, akaweka uzito pale maisha yake yalipo. Asiyejali plastiki na aivuke safu ya plastiki. Lakini kati ya makosa ya Civic ya 2012 lilikuwemo la breki, na umbali wa gari kusimama si suala la ladha. Vivyo hivyo mgongano. Mwaka 2012 taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, ilianza jaribio ambamo robo tu ya upande wa mbele wa gari hugongeshwa kwenye kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, kama gari linavyogonga mti au nguzo kwa pembeni. Civic iliyorekebishwa ilipata daraja la juu kabisa. Corolla iliyosukwa upya kuanzia chini hadi juu kwa toleo la 2014 ilipata daraja la tatu kati ya manne. Gari jipya kabisa, lenye jina linaloaminika kuliko yote duniani, lilishindwa na gari lililofanyiwa marekebisho ya katikati, na Wamarekani wakanunua Corolla zaidi ya laki tatu mwaka 2014. Hakuna mnunuzi awezaye kugundua hilo kwa kuendesha gari kuzunguka mtaa. Hugunduliwa kwa kuligongesha, na raia hanunui magari mawili ili moja aligongeshe.

Je, wapimaji nao hawakosei? Wapinzani huitaja Elantra, ileile iliyoongoza kwa alama 80. Novemba 2012 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilibaini kwamba Hyundai na Kia walikuwa wametangaza matumizi ya mafuta yasiyo ya kweli kwa magari mengi ya matoleo ya 2011 hadi 2013. Elantra iliyotangazwa kwa mbwembwe kuwa inakwenda maili 40 kwa galoni kwenye barabara kuu ilishushwa hadi 38, na mwaka 2014 kampuni hizo zikakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Kwa mpinzani, hii ni aibu ya wapimaji. Kwangu ni ushahidi wa upande wangu. Ile namba 40 haikupimwa na mpimaji huru. Ilitoka katika maabara ya mtengenezaji, kwa sababu sheria ya Marekani inamruhusu mtengenezaji kujipima na serikali kukagua baadhi tu. Mpimaji huru alikuwa na tarakimu zake mwenyewe, zilizotoka kwenye barabara zake, na hazikutegemea namba ile ya matangazo. Kilichoanguka hapo ni desturi ya mtu kujisahihishia mtihani, na anayetutaka tuyaamini mauzo asisahau kwamba mauzo ya Elantra yalijengwa kwa sehemu juu ya namba hiyohiyo.

Hapa msomaji wa Nairobi, Arusha au Kampala anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, yeye anayenunua gari lililokwisha tumika Japani kwa miaka saba. Kwake, atasema, barabara zetu ndizo jarida: ukiona gari limejaa mjini, ujue limepita mtihani. Ajabu ni kwamba mnunuzi wa gari lililotumika ndiye anayezihitaji alama kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kwake majibu yamekwisha patikana. Mnunuzi wa Tokyo aliyechukua Honda Fit Hybrid iliyosukwa upya, ilipotoka Septemba 2013, alikuwa anacheza bahati nasibu. Gari lilikuwa na giaboksi mpya ya klachi mbili iliyounganishwa na mota ya umeme, na kufikia Oktoba 2014, ndani ya mwaka mmoja na kidogo, Honda ilikuwa imewaita wenye gari hilo mara tano kulirudisha kwa matengenezo. Aibu ilikuwa kubwa hata viongozi wa kampuni, akiwemo rais wake Takanobu Ito, wakakatwa sehemu ya mishahara. Magari hayohayo ya miaka ya mwanzo ndiyo yaliyokuja kushuka bandarini Mombasa yalipopungua bei, kwa kuwa Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane. Jina la Fit lilikuwa zuri; lilijengwa na vizazi viwili vilivyotangulia, ambavyo havikuwa na giaboksi hiyo. Aliyeiona Fit imejaa mjini akanunua ya kizazi cha tatu bila kuuliza ni ya mwaka gani na kama ilifanyiwa matengenezo yaliyoamriwa, alinunua sifa za gari moja akapewa funguo za jingine.

Nakiri kwamba mauzo yana kitu cha kweli yanachokisema. Gari lililojaa mjini lina spea madukani, lina mafundi wanaolijua gizani, na siku ya kuliuza halikai yadi. Katika nchi ambako spea moja inaweza kusubiriwa wiki kadhaa kutoka Japani au Dubai, hayo si mambo madogo, na mtu anayeyaweka mbele ya starehe ya safari ana akili timamu. Lakini tazama yote hayo yanahusu nini: maduka, mafundi na wanunuzi wa kesho. Ni habari za soko kulihusu soko. Tena hata habari hizo hupungua nguvu gari linaposukwa upya, kwani fundi aliyeijua gia ya kizazi cha pili huwa mwanafunzi mbele ya gia ya kizazi cha tatu, na spea za zamani haziingii kwenye gari jipya.

Kinachotakiwa basi ni kuyaweka mauzo mahali pake na kujenga mahali pa vipimo ambapo kwetu pana pengo. Ukaguzi unaofanywa kabla gari halijaingia nchini hutazama hali ya gari moja: taa, breki, kutu, mita ya kilomita. Haumwambii mnunuzi kwamba toleo hilo zima lilitoka kiwandani na giaboksi yenye kasoro. Ilhali taarifa hiyo ipo. Mtengenezaji wa Japani anaweza kuulizwa kwa namba ya chesisi kama gari limekwisha kufanyiwa matengenezo yaliyoamriwa, na jibu likatoka kwa dakika chache. Mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yanaweza kuagiza kwamba jibu hilo liandikwe kwenye cheti cha ukaguzi, pamoja na mwaka ambao kizazi cha gari hilo kilianza kutengenezwa, bila kuongeza hata siku moja bandarini. Mpaka yafanye hivyo, mnunuzi atalazimika kuuliza mwenyewe, na muuzaji atakayemjibu kwamba gari hili linanunuliwa sana atakuwa bado hajajibu swali.